Hakuna Aliyezaliwa na Desturi za Jiji

Sentensi inayonikera kuliko zote katika mazungumzo kuhusu majiji ni fupi sana: "Watu wetu ndivyo walivyo." Husemwa barabara inapochafuka saa chache baada ya kufagiwa, dereva anapopita kwa kasi kwenye kivuko chenye watoto, bustani mpya inapovunjwa mabenchi. Maofisa huisema mikutanoni, na sisi wenyewe huisema tukiwa tumekwama kwenye foleni ya magari. Ubaya wake ni kwamba hufunga mjadala kabla haujaanza. Kama watu ndivyo walivyo, basi kilichobaki ni kujenga ukuta, kuajiri askari na kupandisha faini.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma historia za majiji, kwa mapenzi tu, na nimekuta kinyume chake. Desturi ambayo wenyeji wanaiona leo kuwa iko kwenye damu yao mara nyingi ina tarehe ya kuanza, na wapo wazee wanaokumbuka hali ilivyokuwa kabla yake.

Chukua Copenhagen. Mgeni akifika huko sasa anakuta watu wamekaa nje kwenye meza za migahawa hata wakati wa baridi, blanketi mapajani. Anarudi kwao akisimulia kwamba watu wa Denmark kwa asili yao wanapenda maisha ya nje. Lakini tarehe 17 Novemba 1962, jiji lilipoifunga barabara kuu ya Strøget magari yasipite, wapinzani walikuwa na hoja moja kubwa: sisi ni watu wa kaskazini, si Waitaliano, na kutembea ovyo barabarani na kukaa nje si utamaduni wetu. Wenye maduka waliogopa kufilisika. Jaribio likaendelea, watu wakaja, na mwaka 1964 uamuzi ukawa wa kudumu. Msanifu majengo Jan Gehl alianza katika miaka hiyo kufanya jambo ambalo wenzake hawakuliona la maana: kusimama barabarani na kuhesabu. Wangapi wanapita, wangapi wamekaa, wamekaa wapi, kwa muda gani. Alichoona kwa miaka iliyofuata ni kwamba kila mara jiji lilipoongeza nafasi ya kukaa na kutembea, watu waliijaza. Utamaduni ambao magazeti yalisema haupo ulikuwa umekosa pa kukaa tu.

Huenda mtu akasema huo ni mfano wa barabara, si wa watu. Basi tuje kwa watu.

Jiji ni mahali ambapo mtu huishi kati ya wengi asiowajua, na asingeweza kuwajua hata angetaka. Kijijini, tabia yako hulindwa na majina: fulani, mtoto wa fulani, alionekana akifanya hivi. Jijini hakuna anayekuita kwa jina. Hata hivyo asubuhi maelfu ya watu wanapita kwenye mlango mmoja wa kituo bila kugongana. Wanaacha nafasi kati yao, wanapishana mabega, wanageuza macho ili wasimkodolee mtu. Anayeshuka anapishwa kwanza, kisha wa nje wanaingia. Hakuna aliyesaini mkataba wowote. Mgeni hujifunza kwa kutazama, na akikosea hurekebishwa kwa jicho tu, au kwa mguno. Wahenga walishasema: ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho moja.

Nguvu ya mapatano haya ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwatuma wanafunzi wake kwenye treni za chini ya ardhi za New York wakafanye jambo dogo: kumwendea abiria aliyekaa na kumwomba kiti bila kutoa sababu yoyote. Wengi wangetabiri kwamba katika jiji lile lenye sifa ya ukali wangetukanwa. Asilimia 68 ya walioombwa waliachia viti au walisogea kutoa nafasi. Kilichonigusa zaidi ni yaliyowapata waombaji. Walitetemeka, wengine walishindwa kabisa kufungua mdomo. Milgram mwenyewe alipojaribu, maneno yalimkwama kooni, na baada ya kupewa kiti alijikuta akijifanya mgonjwa ili apate kuhalalisha alichoomba. Hakuna sheria ya nchi inayokataza kuomba kiti. Ila kuna desturi, na aliyeivunja aliiona adhabu yake ndani ya mwili wake mwenyewe.

Ni Milgram huyo huyo aliyewachunguza abiria wanaosubiri treni kila siku kwenye vituo vilevile. Wanafunzi wake walipiga picha za watu waliosimama kituoni, wakarudi siku nyingine wakiwa na picha hizo na kuwauliza abiria: kati ya hawa unamtambua nani? Kwa wastani kila mmoja aliwatambua watu wanne ambao hajawahi kuzungumza nao hata mara moja. Nadhani kila anayesafiri kila siku jijini anao watu wake wa namna hiyo. Mimi ninaye mzee mmoja mwenye mkoba wa ngozi uliopauka, anayesimama daima karibu na nguzo. Kuna kipindi hakuonekana kwa siku kadhaa, na nilishangaa jinsi nilivyopata wasiwasi kwa ajili ya mtu nisiyejua hata jina lake. Aliporudi hatukusalimiana. Lakini nina hakika kwamba kama siku moja angeanguka pale, nisingempita kama ninavyoweza kumpita mgeni kabisa, na nadhani naye asingenipita mimi. Usalama wa jiji umejengwa kwa nyuzi nyingi za aina hii, na watu wanaohamishwa ovyo kutoka mtaa mmoja hadi mwingine hupoteza nyuzi hizo zote kwa siku moja, hasara ambayo haiandikwi kwenye fomu yoyote ya fidia.

Sasa, kama desturi ni mapatano, je, inaweza kubadilishwa kwa makusudi? Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu majibu yanatofautiana kutoka jiji hadi jiji, na tofauti hizo ndizo zinazofundisha.

Kwenye ngazi za umeme za treni za London, anayesimama husimama kulia, na kushoto huachwa kwa mwenye haraka. Tokyo wanasimama kushoto. Osaka, mwendo wa chini ya saa tatu kwa treni ya kasi kutoka Tokyo, nchi hiyohiyo na watu wa lugha hiyohiyo, wanasimama kulia. Mwishoni mwa mwaka 2015, waendeshaji wa treni za London walijaribu jambo katika kituo cha Holborn, ambako ngazi ni ndefu sana na ni wachache wanaopenda kuzipanda kwa miguu, hivyo upande wa kushoto hubaki karibu mtupu huku watu wakijazana chini. Waliwaomba abiria wasimame pande zote mbili. Hesabu ilikuwa wazi: ngazi zilibeba karibu asilimia 30 ya watu zaidi kwa muda uleule. Hata hivyo abiria walilalamika, wengine walikasirika, na jaribio lilipokwisha desturi ya zamani ilirudi. Japani nako mkoa wa Saitama ulitunga kanuni mwaka 2021 ya kuwataka watu wasimame bila kutembea kwenye ngazi hizo, na jiji la Nagoya likafuata mwaka 2023, kwa sababu za usalama. Hiyo ni vita ndefu dhidi ya mazoea.

Kwa nini hesabu iliyo wazi kiasi kile ilishindwa Holborn? Maoni yangu ni haya. Kuacha upande mmoja wazi si mazoea matupu, ni hisani. Anayesimama kulia anamwambia asiyemjua: najua huenda una haraka kuliko mimi, pita. Ukimwambia asimame kushoto, hata kama ni kwa faida ya wote, anajiona amemzibia mtu njia. Waliomwomba walimpa takwimu, na yeye alikuwa anajibu swali la adabu.

Aliyeelewa jambo hilo vizuri kuliko kiongozi yeyote ninayemfahamu ni Antanas Mockus, mwanahisabati na mwanafalsafa aliyekuwa meya wa Bogotá, Kolombia, kuanzia mwaka 1995 hadi 1997 na tena 2001 hadi 2003. Alipoanza, Bogotá lilikuwa jiji la kuogopwa. Mauaji yalikuwa mengi, na barabarani zaidi ya watu 1,000 walikuwa wakifa kwa mwaka. Mockus alisema mtu huongozwa na mambo matatu: sheria, dhamiri yake, na desturi ya walio karibu naye, na jiji huumia pale matatu hayo yanapovutana, sheria ikikataza kile ambacho desturi inakicheka tu.

Basi akawaweka waigizaji bubu kwenye njia panda. Nyuso zimepakwa rangi nyeupe, hawasemi neno. Dereva akisimama juu ya alama za kivuko, mwigizaji anamwigiza, anamwonyesha alipotakiwa kuishia, na umati unacheka. Mtembea kwa miguu akikatiza kihuni, anafuatwa nyuma na kivuli chake kinachoiga kila hatua. Hakuna faini wala kofi. Mockus aliamini kwamba watu wa Bogotá wanaogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa kulipa. Aligawa pia kadi 350,000 kwa wananchi, upande mmoja dole gumba limeinuliwa, upande mwingine limeelekezwa chini, ili dereva amwonyeshe mwenzake sifa au lawama badala ya kupiga honi na kutukana. Mahali watu walipogongwa wakafa, nyota zilichorwa barabarani.

Wengi husimulia habari za waigizaji kama kichekesho na kuishia hapo. Mimi naona jambo zito ndani yake. Kadi ile ilimpa raia wa kawaida ruhusa ya kumkosoa asiyemjua kwa adabu. Kabla ya hapo njia zilikuwa mbili: kunyamaza au kugombana. Desturi hufa kimyakimya pale ambapo waungwana wanaogopa kusema na wakorofi hawaogopi chochote.

Vifo vya barabarani Bogotá vilipungua hadi takriban nusu ndani ya kipindi cha chini ya miaka kumi. Si haki kuwapa waigizaji sifa zote. Kulikuwa na saa mpya za kufunga baa, mikanda ya usalama, barabara bora, na kazi ya Enrique Peñalosa, meya aliyekaa kati ya vipindi viwili vya Mockus. Lakini kuna tukio moja ambalo siwezi kulieleza kwa lami. Mwaka 2002 Mockus aliwaomba wakazi, wanaotaka kwa hiari yao, walipe kodi kwa nyongeza ya asilimia 10. Watu 63,000 walilipa. Katika jiji ambalo miaka michache nyuma lilionekana halina raia, maelfu walijitolea fedha zao kwa ajili ya majirani wasiowajua.

Na Bogotá hiyohiyo ilikuwa na mbegu ya zamani zaidi. Tarehe 15 Desemba 1974, wananchi wapenda baiskeli walifunga barabara chache kwa saa kadhaa wakapita bila magari. Leo, kila Jumapili na kila sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara za jiji hilo huachiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli, watoto na mbwa wao. Mameya wamekuja na kuondoka, na Jumapili imebaki. Nani angethubutu kuwanyang'anya watu sasa?

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wote ni Brasília, kwa sababu huko watu walianza wakiwa wameshapewa jiji lililokamilika kwenye karatasi. Lúcio Costa alichora mpango, Oscar Niemeyer akabuni majengo, na tarehe 21 Aprili 1960 mji mkuu mpya wa Brazil ukafunguliwa, uliojengwa kwa takriban miaka mitatu na nusu katikati ya nyanda zilizokuwa na watu wachache. Ulikuwa jiji la gari. Njia panda za kawaida ziliondolewa kadiri ilivyowezekana, na pamoja nazo ikaondoka kona ya mtaa, pale watu wanapokutana bila kupanga. Maduka yalichorwa yageukie bustani za nyumba za ghorofa. Upande wa barabara ulikuwa wa kupokelea mizigo.

Wenye maduka walifanya nini? Waligeuza. Walifungua milango na madirisha ya maonyesho upande wa barabara, kule kwenye mizigo, kwa sababu ndiko watu walikokuwa wakipita. Walichotaka ni mtaa, wakautengeneza kutoka nyuma ya majengo. Nao wafanyakazi waliolijenga jiji, ambao mpango haukuwatengea makazi ya kudumu, walidai mahali pa kuishi, na mwaka 1958, kabla hata ya jiji lenyewe kufunguliwa, kukaanzishwa Taguatinga kwa ajili yao. Hata barabara kuu ya katikati, mhimili mzima wa ule mchoro, siku za Jumapili huachiwa watembea kwa miguu na watoto wenye baiskeli.

Halafu likaja jambo ambalo mpaka leo nikilisoma hufurahi. Katika miaka ya 1990 jiji hili la gari lilichoshwa na vifo. Gazeti la huko, chuo kikuu, serikali ya jimbo na wananchi waliungana katika kampeni ya amani barabarani, na mwaka 1996 watu kwa maelfu waliandamana. Kamera za mwendokasi ziliwekwa. Na kuanzia tarehe 1 Aprili 1997, anayetaka kuvuka alifundishwa ishara moja: simama ukingoni mwa kivuko, nyoosha mkono mbele. Gari lisimame. Shuleni watoto walifanya mazoezi, askari walisimama vivukoni kuelekeza. Leo mkazi wa Brasília hunyoosha mkono, magari yakasimama, naye akapita. Na hujivunia jambo hilo mbele ya Wabrazil wa majiji mengine. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana umri wa mtu mzima sasa, na kwake ndivyo dunia ilivyo.

Ulinganishe na Holborn. Brasília dereva hakuombwa kuacha adabu kwa ajili ya hesabu. Aliombwa adabu zaidi, na aliombwa na mtu aliyesimama mbele yake, mkono umenyooka, uso unaonekana. Hiyo, nadhani, ndiyo siri yenyewe.

Desturi za jiji pia huja na wanaohamia, na hapa huwa nasikia hofu nyingi: wageni wanaharibu utamaduni wa mji. Kwenye kona ya barabara ya Brick Lane, mashariki mwa London, kuna jengo la matofali lililojengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Baadaye, mwaka 1819, likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki. Tangu mwaka 1976 ni msikiti, na waumini wake wengi wana asili ya Bangladeshi. Kuta ni zilezile. Wafumaji wa hariri, washona nguo na wapishi wa mchuzi wamepita mtaa huo mmoja, kila kundi likiambiwa ni geni, kila kundi likiacha kitu ambacho wanaofuata walikikuta na kukiita cha hapa. Nisingependa kuishi katika jiji ambalo jengo kama hilo limefungwa kufuli ili libaki kama lilivyokuwa siku ya kwanza.

Hata hivyo, si kila mapatano yasiyoandikwa yanafaa kulindwa. Mengine humwambia mtu kimyakimya kwamba hapa si pake. Mtafiti William H. Whyte, aliyepiga filamu viwanja vya New York katika miaka ya 1970, aliona kwamba ukitaka kujua kama uwanja ni mzuri, tazama idadi ya wanawake: wakiwa wachache kuliko kawaida, kuna kasoro mahali hapo. Aliona pia kwamba watu hukaa palipo na pa kukaa, na kwamba mtu akipewa kiti kisichofungwa chini atakisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama hakuna faida ya kukisogeza. Amekifanya chake. Uchunguzi huo ulilifanya jiji libadilishe kanuni za viwanja mwaka 1975.

Vienna, Austria, walichukua jicho hilo wakaenda nalo mbali zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, uchunguzi ulionyesha kwamba wasichana wakishapita umri wa miaka tisa hivi walikuwa wakitoweka kwenye bustani za umma, huku wavulana wakibaki. Jibu rahisi lilikuwepo tayari mdomoni mwa kila mtu: wasichana wanapenda kukaa ndani. Wapangaji miji hawakulikubali, wakachunguza wenyewe. Bustani nyingi zilikuwa na eneo moja kubwa la wazi, na pale wavulana walipolichukua kwa mpira, wasichana walijiondoa badala ya kugombea. Basi mwaka 1999 bustani mbili za wilaya ya tano zilipangwa upya. Eneo lile moja liligawanywa kwa mimea na njia, vikawekwa viwanja vya mpira wa wavu na vinyoya, na mahali pa kukaa kwa makundi. Wasichana walirudi, na wavulana hawakufukuzwa.

Hakuna aliyewahubiria wasichana wale ujasiri, wala wavulana wale uungwana. Lakini mpaka leo viwanja vingi vya watoto duniani vina magoli mawili na uwazi mtupu katikati, na watu wazima wanaopita kando yake huulizana kwa nini mabinti hawachezi.